Ukuta wa Wake wa Nyamirindi

Siku Damien Hitimana alipouza ukuta wa Nyamirindi, aliita mkutano wa ukoo ili watu waje kukubali jambo ambalo yeye alikuwa amekwisha kulikubali peke yake. Viti vya plastiki vilikodishwa, na sebule ikajaa wajomba, mashangazi na binamu ambao vita vilikuwa vimewatelemsha kutoka milima ya Masisi mpaka Goma, mmoja mmoja, mwaka baada ya mwaka. Mnunuzi alikuwepo pia. Bwana Adalbert, mfanyabiashara wa Birere, aliketi karibu na mlango ameinyoosha miguu yake mbele, hana wasiwasi hata kidogo.

Damien alikuwa mkubwa wa ukoo na shemasi kanisani, na alijua kusema. Alieleza kwamba kilima hakiuzwi, kilima kitabaki cha ukoo. Kinachokwenda ni mawe tu. Bwana Adalbert alikuwa na mashine ya kusaga mawe, na Goma inajengwa kila siku, hata wakati ambao watu hawajui kesho itakuwaje. Mawe ya kilima kile ni magumu kuliko haya meusi ya volkano, yanafaa zaidi kwa zege. Kwa fedha hizo ukoo ungejenga nyumba ya kupangisha hapa mjini, na watoto wangesoma. Tuseme kweli, halikuwa wazo la kijinga. Kilima cha Nyamirindi kiko juu ya ziwa dogo la Lac Vert, kando ya barabara ya Sake, na tangu wakimbizi waliotundika maturubai yao pale waondolewe, hakuna aliyekipanda ila wachunga mbuzi. Gari la kubeba mawe lingekwenda Alhamisi.

Philomène Umugwaneza aliinua mkono. Yeye ni mjane wa Jean-de-Dieu, mdogo wake Damien. Anauza unga wa muhogo Birere na si mwanamke wa kelele, ndiyo maana watu wote waligeuka kumtazama.

"Papa Ruffin, ule ukuta haiko zizi ya ng'ombe," alimwambia Damien. "Bamama bote ba hii familia beko pale. Tutauza bamama namna gani?"

Damien hakukasirika. Alitabasamu vilevile anavyotabasamu Jumapili mlangoni mwa kanisa.

"Mama Clarisse, weye uko na jiwe pale?"

Hakuna mtu ambaye hakulijua jibu, na Damien alilijua kuliko wote.

"Sina."

"Basi. Mwenye hana jiwe hasemi mu mukutano. Haiko miye nilianzisha hiyo. Enda usaidie Mama Ruffin kuleta Fanta."

Na Philomène alikwenda. Alileta kreti, akafungua chupa moja baada ya nyingine, akawagawia watu ambao muda mfupi uliopita walikuwa wamemsalimia kwa heshima. Bwana Adalbert aliirudisha chupa yake bila kumwangalia usoni, akaomba yenye baridi zaidi. Philomène akarudi jikoni kutafuta yenye baridi zaidi.

*

Hili la jiwe linahitaji maelezo. Ukuta wa Nyamirindi umejengwa na wanawake peke yao. Katika ukoo ule bibi arusi hakufika kwa mume mikono mitupu. Alibeba jiwe kutoka kilima cha baba yake, kubwa kadiri kichwa chake kilivyoweza, na hakuna aliyeruhusiwa kumsaidia hata mvua ikinyesha. Wake waliomtangulia walimngoja juu. Walimwuliza anatoka wapi, akajibu, kisha akaliweka jiwe lake mwishoni mwa ukuta, bila udongo wala saruji, likakaa juu ya mawili ya wenzake. Kuanzia saa ile alikuwa na neno mkutanoni, sawa na mwanamume yeyote. Ukuta unazunguka kama konokono, kutoka katikati ya kilima kwenda nje, na haujawahi kufungwa, kwa sababu kuufunga ni kusema hakuna mwanamke mwingine atakayekuja. Kuna mawe mekundu ya Sake, ya kijivu ya Walikale, na meupe yanayometa ambayo hakuna tena anayejua yalitoka kilima gani. Yale ya katikati kabisa yamezama ardhini, na majina ya wenyewe yamezama nayo.

Philomène hakuwa na jiwe kwa sababu alipoolewa barabara ilikuwa imefungwa na vita. Walifunga ndoa mjini, padri akawabariki, ng'ombe wakatolewa, na Jean-de-Dieu akaahidi kwamba barabara ikifunguka watakwenda. Ilifunguka, ikafungwa, ikafunguka tena. Kisha Jean-de-Dieu akafa kwa homa, na ahadi yake ikabaki kwa mjane.

Jikoni, siku ile ya mkutano, Rosette, mke wa Damien, alikuwa anaosha glasi. Yeye naye alikuwa amesikia habari za kuuzwa kwa ukuta pamoja na wageni, akiwa amesimama na sinia mkononi. Alimwambia Philomène asilie, na Philomène akasema halii, ni moshi. Kisha Rosette akasema, kana kwamba anajisemea mwenyewe:

"Yangu ni ile nyekundu ya mwisho. Nilitoka nayo Sake kwa miguu, niko na mimba ya Ruffin. Sikuiweka chini hata mara moja."

Philomène alimwuliza, kama ni hivyo, kwa nini hakusema kitu kule sebuleni, yeye mwenye haki ya kusema. Rosette alifuta glasi ambayo ilikuwa imekwisha kauka. Alisema mume wake akishaamua, maneno ya mke ni kama mvua juu ya bati. Kelele nyingi, ndani hakuloi.

*

Nyumba ya Philomène iko Mabanga, ya mbao, imeketi juu ya mwamba mweusi wa volkano kama nyumba nyingi za mtaa ule. Anaishi na binti yake Clarisse, ambaye yuko sekondari, na mama mkwe wake Mukashyaka. Mzee huyu angeweza kukaa kwa shemasi mwanawe, lakini alisema kule sakafu inateleza na watu wanaomba kabla ya kula mpaka chakula kinapoa. Na msidhani alikuwa mpole kwa mkamwana wake. Miaka yote alimwita "yule wa Jean-de-Dieu", na chumvi ya Philomène haikumpendeza hata siku moja.

Jioni ile, jua bado liko juu ya ziwa, Philomène alimweleza yaliyopita mkutanoni. Mukashyaka alimsikiliza akiwa ameshika kikombe cha uji. Yeye alijua habari nyingine kabisa. Damien alikuwa amemwambia kwamba wanakwenda kuutengeneza ukuta, kuutia saruji ili usianguke, na mama akawa amembariki.

"Haiko saruji, mama," Philomène alisema. "Ni mashine. Bataponda mawe yote, itakuwa gravier, kokoto tu."

Mzee alikizungusha kikombe mkononi. Clarisse alifikiri hakusikia, akataka kurudia kwa sauti, lakini mama yake akamzuia.

"Na nani atayabeba kuyarudisha?" Mukashyaka aliuliza.

Hawakumwelewa. Akawaeleza, kwa hasira ya mtu anayelazimika kueleza jambo ambalo kila mtu angepaswa kulijua. Mwanamume anayelitoa jiwe la mke wake ukutani amemtoa mke. Akitaka kumrudisha, anajitwisha jiwe lile kichwani, mchana kweupe, kwa miguu, mpaka kwa baba mkwe, na huko anaomba msamaha. Asipotaka kumrudisha, analiacha chini, na mke ni huru. Mume wake mwenyewe aliwahi kulitoa jiwe lake, kwa ugomvi wa mbuzi, na alitembea nalo kilima baada ya kilima huku watoto wa kila kijiji wakimfuata nyuma. Alirudi mtu mwingine. Ndiyo sababu wanaume wa ukoo ule hawakuzoea kufukuza wake. Haikuwa kwamba walikuwa wema kuliko wengine.

"Dunia ni ya banaume," Mukashyaka alisema. "Mawe ni yetu. Damien ameuza kitu haiko yake."

Clarisse alileta kitabu chake cha historia, chenye picha ya kaburi kubwa la mfalme wa zamani huko mbali, limejengwa kwa mawe mpaka mawinguni. Bibi yake aliisogeza picha karibu na macho. Aliuliza nani alijenga. Clarisse akasema mfalme. Bibi akauliza kama mfalme aliyabeba mawe mwenyewe. Clarisse akasoma kidogo, akasema hapana, watu walilazimishwa kuyabeba, wengi walifia pale.

"Ule ni mulima ya mateso," bibi alisema, akamrudishia kitabu. "Yetu hakuna mutu alilazimishwa."

Wakati Philomène anaondoa kikombe, mzee alimshika mkono. Alimwambia kwamba yote aliyoyasema ni kweli, lakini hata Damien alisema kweli. Mwanamke asiye na jiwe hana neno. Kama anataka kuwazuia, asiende kule kupiga kelele nje ya ukuta kama mpita njia.

*

Kabla ya kufanya alilolifanya, Philomène alijaribu njia ya watu wenye adabu. Jumanne hakufungua meza yake ya unga. Alivaa kitenge chake kizuri, akaenda na Clarisse katika ofisi moja ya mjini inayoshughulikia mambo ya kale. Waliketi kwenye benchi tangu asubuhi. Watu waliofika baada yao waliingia na kutoka. Saa sita ilipopita waliitwa.

Mkubwa wa ofisi hakuwa mtu mbaya. Aliwapa viti, akauliza ukuta uko wapi, una urefu gani. Kisha akauliza nani aliujenga.

"Bibi za banaume ba familia yetu," Philomène alisema, maana yake wake zao.

"Mufalme gani aliamuru?"

"Hakuna mwenye aliamuru."

"Kuna kaburi ya chef, mutawala, ndani?"

"Hakuna kitu ndani. Ni nyasi."

Mkubwa aliegemea nyuma ya kiti chake. Alimweleza polepole, jinsi mtu anavyomweleza mtoto, kwamba kitu cha kale cha kuhifadhiwa lazima kiwe na mfalme, au vita, au dini. Lazima mtu aweze kusema fulani alijenga kwa sababu fulani. Hii ya kwao ilikuwa mawe ambayo akina mama wameyapanga. Aliwaomba wafunge mlango wakitoka, kuna vumbi.

Mawe ambayo watu wameyapanga. Sijui kuna jengo gani la kale duniani ambalo ni kitu kingine. Tofauti ni kwamba ya wengine yana jina la mtu mmoja juu yake, na mtu huyo mara nyingi hakubeba hata moja. Nyamirindi hakuna aliyejengewa. Kila mmoja alijenga kiasi cha kichwa chake, akampisha mwenzake, na kazi ikaendelea kwa mamia ya miaka bila msimamizi na bila fimbo. Kama hiyo si jamii, basi neno lenyewe halina maana. Lakini mkubwa wa ofisi alikuwa na njaa, na saa ya chakula ilikuwa imefika.

Njiani Clarisse alilia kwa hasira. Mama yake hakulia. Alisema wapitie mtaa wa Virunga.

*

Baba yake Philomène alitoka Rutshuru, lakini kilima chake huko hakuna aliyeweza kukifikia siku zile; kulikuwa na bunduki njiani. Nyumba aliyojenga Goma ilikuwa mtaa wa Virunga, na mlima wa volkano uliporipuka mwaka elfu mbili na mbili, moto ulipita juu yake, ukapoa, ukawa mwamba. Baba alikufa akiwa bado anawaonyesha watu mahali jiko lake lilipokuwa. Sasa pale ni ghala la mbao, linalindwa na mzee mmoja anayeitwa Birindwa.

Philomène alimweleza Birindwa kwamba anaomba jiwe. Birindwa alicheka mpaka akakohoa. Goma nzima ni jiwe, alisema, watu wanajikwaa juu yake kutoka kitandani mpaka chooni, na huyu mama anakuja kuomba. Akamwonyesha fungu lililokwisha chongwa vizuri kando ya lango, achague analotaka. Philomène alisema hapana. Alitembea kati ya mbao mpaka pembeni kabisa, akapima kwa macho kutoka ukuta wa jirani ambao moto ulikuwa umeuacha, akasimama.

"Ni hapa. Hapa ndiyo jiko ya mama ilikuwa."

Birindwa aliacha kucheka. Yeye pia alikuwa na nyumba mahali fulani chini ya mwamba ule. Alimletea nyundo na nondo, na alipotaka kumsaidia kuvunja, Philomène alikataa, akamwambia kwamba hairuhusiwi. Alipiga mwenyewe mpaka viganja vikachubuka. Jiwe lililotoka lilikuwa jeusi, lenye matundu, zito kuliko lilivyoonekana, na upande mmoja ulikuwa mkali kama kisu. Clarisse aliliangalia akasema si zuri. Mama yake akasema ndilo lililokuja nyumbani kwao.

Siku ile na kesho yake Mukashyaka alikuwa kwenye simu. Clarisse alimpigia namba, naye akapaza sauti kana kwamba anaita watu ng'ambo ya ziwa: wale wa Birere, wale wa Mabanga, mmoja aliyelala na mgongo mbovu kwa binti yake. Kwa kila mmoja alisema maneno yaleyale, kwamba Alhamisi wanawake wa ukuta wanahitajika ukutani, na asiyeweza kutembea abebwe.

*

Alhamisi asubuhi gari la Bwana Adalbert, Fuso kubwa, lilikuwa chini ya kilima, na wapasua mawe walikuwa wameketi kwenye majani na nyundo zao, wakingoja amri. Damien alikuwa amekuja na jeep yake, amevaa koti. Alikuwa amemleta Rosette pia, kwa ajili ya kuwapikia wafanyakazi. Sufuria ya maharagwe ilikuwa tayari juu ya moto, hatua chache kutoka mwisho wa ukuta.

Wanawake walifika kwa pikipiki mpaka barabara ilipoishia, kisha wakapanda kwa miguu. Mukashyaka alibebwa mgongoni na dereva wa pikipiki, kijana mwenye nguvu, ambaye alitukanwa njia nzima kwa sababu ya kumtikisa. Walipofika juu, kila mmoja alitafuta jiwe lake, akaketi juu yake au kando yake. Walikuwa vikongwe wengi wao. Mmoja hakuona tena vizuri; alipapasa ukuta kwa vidole mpaka akalipata lake, akalipigapiga kama mtu anayemsalimia mwana.

Nyuma yao Philomène alipanda peke yake, jiwe jeusi kichwani, shingo imekakamaa. Clarisse alitembea kando yake bila kumgusa. Damien alimwona, akaelewa mara moja, akateremka kumzuia. Alisema mbele ya wote kwamba mjane hawezi kuwa bibi arusi, kwamba mambo haya yana wakati wake, kwamba marehemu aheshimiwe.

Mama yake ndiye aliyemjibu, kutoka juu ya jiwe lake.

"Ng'ombe balitoka. Mutoto eko. Mutu wake alikufa mikononi mwake, na alimulilia. Inabakia nini, Damien? Pita pembeni."

Damien alipita pembeni. Philomène akasimama mbele ya wanawake, jasho likimwingia machoni, na Mukashyaka, ambaye kwa miaka yote alimwita yule wa Jean-de-Dieu, akamwuliza kwa sauti swali ambalo na yeye aliulizwa akiwa msichana:

"Unatoka wapi?"

"Ninatoka Rutshuru kwa babu yangu," Philomène alisema. "Na Virunga kwa baba yangu, chini ya moto."

"Weka."

Aliliweka mwishoni mwa ukuta. Lilitikisika mara ya kwanza, akaligeuza, upande mkali ukaingia kati ya mawe mawili ya chini, kando ya jiwe jekundu la Rosette, likatulia. Aliliegemea kwa mikono yote miwili. Halikusogea. Alilia sasa, bila kujificha, kwa ajili ya Jean-de-Dieu ambaye alitaka sana kuiona siku hii. Kisha akajifuta kwa kitenge, akamgeukia shemeji yake.

"Sasa niko na jiwe. Nakataa. Ukuta haiuzwe."

Wanawake waliosalia wakasema kila mmoja kwa zamu kwamba anakataa. Bwana Adalbert, aliyekuwa amesimama karibu na gari lake, akaangalia saa.

*

Labda Damien angeweza kuondoka pale na heshima yake. Angesema ukoo umegawanyika, angerudisha fedha za watu, na mwaka ujao tungekuwa tumesahau. Lakini wapasua mawe walikuwa wanamtazama, na mtu mmoja alikuwa anapiga picha kwa simu. Aliwaamuru waanze. Mkubwa wao, Namegabe, aliinuka na nyundo, akatazama safu ya vikongwe, akaketi tena. Alisema yeye anapasua mawe, hapasui watu walioyakalia.

"Ni mawe tu," Damien alisema. "Mutu mukubwa kuogopa jiwe. Muangalie."

Alikwenda mpaka mwisho wa ukuta. Jeusi la Philomène hakuligusa. Alijua lingeleta kesi. Wengine wote walikuwa wamekalia yao. Moja tu lilikuwa halina mtu, kwa sababu mwenyewe alikuwa kwenye moto anakoroga maharagwe. Damien alilichomoa kwa mikono miwili, akaliinua ili wafanyakazi walione. Lilikuwa jekundu.

Rosette aliacha mwiko ndani ya sufuria. Alifuta mikono yake, akafunga kitenge upya kiunoni, taratibu, kana kwamba anakwenda sokoni.

"Umenitoa," alisema.

"Mama Ruffin, nani amekutoa? Ni mufano tu, naonyesha hawa batu."

"Mbele ya mama yako na mbele ya batu ba kazi. Sawa. Ninaenda kwetu."

Na akashika njia ya kuteremka, kuelekea barabara ya Sake. Hakukimbia. Damien alimwita mara mbili, hakugeuka. Hapo Damien akafanya haraka kulirudisha jiwe mahali pake, na mama yake akapiga ukuta kwa kiganja.

"Mukono yenye ilitoa hairudishe. Hiyo unaijua."

Aliijua. Alijua pia kwamba angeweza kulitupa pale chini, aende zake, na kwamba kulitupa kulikuwa na maana yake, na kila mtu kwenye kilima kile aliielewa. Alisimama na jiwe kifuani kama aliyekabidhiwa mtoto wa wengine. Alimpenda Rosette. Sidhani aliwahi kulisema jambo hilo mahali popote, lakini asubuhi ile lilikuwa wazi usoni mwake, na lilimtia hofu.

Bwana Adalbert alimsogelea, akamwambia kwa upole kwamba mambo ya nyumba wayamalize kwanza, na kwamba fedha aliyokwisha kutoa atakuja kuichukua Jumamosi. Wapasua mawe wakapanda nyuma ya Fuso. Waliokuwa na njaa waliiangalia sufuria ya maharagwe kwa huzuni, lakini hakuna aliyethubutu kuomba sahani. Gari likaondoka tupu.

Ikabaki njia moja, na Mukashyaka aliitaja, kwa sababu sheria ni sheria hata kwa mtoto wako. Wanawake wa ukuta wanaweza kumsamehe mwanamume palepale, wakalirudisha jiwe kwa mikono yao, na mke akaitwa kabla hajafika mbali. Lakini lazima wakubali wote, na aliyeingia mwisho ndiye anaanza kusema, ili asiige wakubwa.

Damien aligeuka. Aliyeingia mwisho alikuwa amesimama mbele yake, mikono yake bado ina vidonda vya nyundo.

Alishusha sauti. Alimwita shemeji, neno ambalo lilikuwa halijatoka kinywani mwake tangu mazishi. Alisema katika mkutano ule alikosea, ni shetani. Alisema ukuta hautaguswa tena, anaapa. Alisema Clarisse ni binti yake pia, na kwamba ukoo ukijenga siku moja, chumba cha kwanza ni cha nyumba ya Jean-de-Dieu. Chini, kwenye njia, kitenge cha Rosette kilikuwa kinazidi kuwa kidogo.

"Mama Clarisse," alisema, "sema neno moja tu. Bataniona barabara nzima. Miye ni shemasi."

Philomène alimtazama kwa muda. Vikongwe waliwageukia, hata yule asiyeona. Hakuna aliyemhimiza, na hakuna aliyemwambia asamehe.

"Sake haiko mbali, Papa Ruffin," alisema. "Beba."

Damien alivua koti lake. Aliomba kitambaa cha ngata ya kuweka kichwani. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, mama yake wa mwisho, na hakuna aliyempa. Akapiga goti, akajitwisha jiwe hivyohivyo, akaanza kuteremka.